Ukata Si Umaskini

YAKO maneno katika Kiswahili ambayo hutumika kila siku ofisini, sokoni na katika vyumba vya walimu, lakini maana yake haipimwi. Mojawapo ni neno ukata. Mtumishi ambaye mshahara wake umekwisha kabla ya tarehe 20 husema ana ukata. Klabu ya mpira inayoshindwa kulipa nauli ya wachezaji wake huandikwa magazetini kwamba imekumbwa na ukata. Mkulima wa kahawa wa Nyaishozi au Nkwenda, ambaye mwezi Februari hana senti ya kununulia sare ya mwanawe, naye yumo katika ukata. Lakini pindi taarifa ya kijiji inapoandikwa ili ipelekwe wilayani, hali ya mkulima huyu peke yake hubadilishwa jina. Haiitwi ukata tena, huitwa umaskini.

Mabadiliko hayo ya jina yanaonekana madogo. Kwa kweli si madogo hata kidogo, maana jina la ugonjwa ndilo linaloamua dawa. Anayeitwa maskini hupelekewa misaada na mawaidha. Huhimizwa afanye kazi kwa bidii zaidi na alime zaidi. Anayetambuliwa kuwa ana ukata huulizwa swali jingine kabisa: ni lini fedha zake huingia, na ni lini hutakiwa kuzitoa? Katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambako maisha ya kaya nyingi yamefungamana na mti wa kahawa, kulikosa swali hilo la pili kumewagharimu wakulima mavuno ya misimu mingi.

MAANA YA NENO

Kwa asili, mkata ni mtu asiye na kitu. Wahenga waliosema "mkata hana kinyongo" walimkusudia yule ambaye hali yake haimruhusu kuchagua wala kununa. Anachopewa hukipokea, na bei anayotajiwa huikubali. Kamusi nazo huuweka ukata jirani na ufukara. Hata hivyo, lugha haikai mahali pamoja. Watu hulitumia neno kwa namna inayowafaa, na baada ya muda neno hupata mipaka mipya.

Mipaka hiyo mipya inaonekana katika vitenzi vinavyoandamana nalo. Husemwa kwamba ukata umemkumba mtu, umemwandama, umembana, kama vile isemwavyo juu ya homa au juu ya mvua iliyomkuta msafiri njiani. Ni jambo lililomjia mtu kutoka nje ya nafsi yake, nalo linatazamiwa kuondoka. Umaskini hausemwi hivyo mara nyingi. Mtu huishi katika umaskini, huzaliwa ndani yake, huurithi. Hata misemo ya mitaani inaifuata njia hiyo hiyo. Mtu husemwa amechacha, amefulia, au vyuma vimekaza. Na kila asemaye hivyo ajua kwamba kilichokaza leo chaweza kulegea mwisho wa mwezi.

Liko pia neno la tatu, ambalo watumishi wa idara za fedha wanalifahamu vyema, nalo ni nakisi. Hilo ni neno la hesabu. Matumizi yakizidi mapato, tofauti iliyopo ni nakisi, iwe katika bajeti ya Serikali, ya halmashauri au ya nyumba ya mtu. Serikali yenye nakisi huuza hati fungani, hukopa kwa masharti yaliyoandikwa, na kulipa kwa miaka mingi. Kaya yenye nakisi haina hati fungani ya kuuza. Huuza kile ilicho nacho.

Maneno haya matatu yakipangwa sawasawa, tofauti yake huwa dhahiri. Umaskini ni kukosa mali. Nakisi ni pengo la hesabu kati ya kinachoingia na kinachotoka. Ukata ni kukosa fedha mkononi kwa wakati ule zinapotakiwa, hata kama mali ipo na hata kama fedha zitakuja. Umaskini huulizwa kwa neno "kiasi gani"; ukata huulizwa kwa neno "lini".

KALENDA MBILI

Yeyote aliyepata kufanya kazi Karagwe au Kyerwa anakijua kibanja cha mkulima wa huko. Kuna migomba ya kulisha nyumba. Katikati ya migomba kuna kahawa, ambayo sehemu kubwa ni robusta. Chini yake kuna maharage, na pembeni pengine mbuzi au ng'ombe. Mwenye kibanja cha namna hiyo ana ardhi, ana chakula, ana zao linalouzwa hadi Ulaya na Asia. Si haki kumwita maskini bila ya kufikiri. Ni kweli kwamba tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipothibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, tegemeo la ndizi limetikiswa, na kaya ambayo zamani haikununua chakula hujikuta ikinunua. Hilo limeongeza matumizi ya fedha taslimu. Lakini halijaondoa ukweli kwamba kahawa ipo, na itaiva.

Tatizo ni kwamba kahawa ina kalenda yake. Mavuno ya robusta huanza mwezi Mei na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Matunda huchumwa, huanikwa, na kahawa ya maganda hupelekwa chamani. Fedha, zikilipwa kwa wakati, huingia katika miezi hiyo. Baada ya hapo mti huchanua upya, na mkulima hungoja.

Maisha nayo yana kalenda yake, wala hayasomi ile ya kahawa. Shule hufunguliwa Januari. Ada ya shule za umma ilifutwa tangu mwaka 2016 kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 msamaha huo ukafika kidato cha tano na cha sita. Hiyo ni nafuu kubwa isiyopingika. Lakini kila mwalimu anajua kwamba mtoto haji shuleni kwa kufutiwa ada peke yake. Anahitaji sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula, na kama amepangiwa bweni, anahitaji godoro, sanduku na nauli. Mahitaji hayo yote huja kwa pamoja, mwezi ule ambao mti wa kahawa una vitumba na matunda machanga tu. Ugonjwa haungojei msimu. Msiba haungojei msimu. Hata afisa mtendaji wa kijiji anayekusanya michango ya ujenzi wa darasa mara nyingi haungojei msimu.

Kwa hiyo kati ya Januari na Aprili liko pengo. Mwenye kibanja hajafilisika, wala si mvivu. Amesimama katikati ya kalenda mbili zisizokutana. Hapo ndipo ukata ulipo, na hapo ndipo anapotokea mtu mwenye fedha mkononi.

BUTURA

Katika Mkoa wa Kagera biashara inayofanyika ndani ya pengo hilo inajulikana kwa jina la butura. Mkulima huiuza kahawa yake ingali mtini, pengine ingali maua. Mnunuzi humpa fedha leo, na mkulima huahidi kutoa kiasi fulani cha kahawa wakati wa mavuno, au humwachia mnunuzi achume mwenyewe shamba lote au sehemu yake. Mapatano hufanyika nyumbani, mara nyingi bila ya karatasi, na kipimo huwa debe au gunia ambalo mizani haijaliona.

Bei ya butura haiwi ile ya msimu. Mnunuzi hajui mvua itanyeshaje, wala hajui bei ya kahawa itakuwaje. Lakini jambo moja analijua kwa hakika, nalo ni kwamba mkulima aliye mbele yake anahitaji fedha kabla ya Jumatatu. Kwa hiyo bei hupangwa na uharaka wa muuzaji. Mkata hana kinyongo.

Na uchukuliwe mfano mwepesi wa ubaoni, ambao mwalimu yeyote wa hesabu aweza kuwapa wanafunzi wake. Mkulima anahitaji shilingi 60,000 mwezi Februari. Anauza kwa butura kilo 60 za kahawa kwa shilingi 1,000 kila kilo. Mwezi Julai kahawa hiyo hiyo inanunuliwa kwa shilingi 3,000 kila kilo. Kilo 60 alizozitoa zingempa shilingi 180,000. Amepokea 60,000 na kulipa 180,000 baada ya miezi 5. Maana yake ametozwa riba ya asilimia 200 kwa miezi 5. Kama angekopa fedha hizo kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, riba ya miezi hiyo 5 ingekuwa shilingi 5,000 tu. Tofauti kati ya shilingi 5,000 na shilingi 120,000 ndiyo bei ya ukata. Haikulipwa kwa sababu mkulima alikosa mali. Ililipwa kwa sababu mali yake ilichelewa.

Bei ya dunia inapopanda, hasara hiyo huzidi. Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la London ilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Neema ya namna hiyo humfikia yule anayeishika kahawa mkononi siku ya kuuza. Mkulima aliyekwisha kuuza maua huisikia redioni.

Madhara hayaishii katika fedha. Mdeni wa butura huvuna kwa hofu. Huchuma matunda mabichi pamoja na yaliyoiva ili alipe haraka, au mnunuzi mwenyewe huyakwangua yote kwa pamoja, na ubora wa kahawa ya wilaya nzima hushuka. Kahawa iliyonunuliwa kwa siri hutafuta pia njia ya siri. Kyerwa imepakana na Uganda, na si ajabu kahawa ambayo haikuandikwa katika daftari la chama chochote kuvushwa usiku kwa magendo. Hapo chama cha ushirika hukosa kahawa, halmashauri hukosa ushuru, na mkulima hukosa hata haki ya kulalamika, kwa kuwa mapatano yake yalikuwa nje ya utaratibu. Na nyumbani, mke aliyepalilia kahawa mwaka mzima hugundua mwezi Julai kwamba mavuno yaliuzwa tangu Februari bila ya yeye kuambiwa.

NANI ANUNUE, AU LINI ILIPWE?

Haiwezi kusemwa kwamba Taifa halikushughulika na kahawa ya Kagera. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba kilianza mwaka 1950. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na mwaka uliofuata ikaundwa Mamlaka ya Kahawa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama. Mwaka 1990 Karagwe ikapata chama chake kikuu, KDCU, ambacho kimewahudumia pia wakulima wa Kyerwa tangu wilaya hiyo ilipozaliwa kutokana na Karagwe mwaka 2012. Msimu wa 1994/95 milango ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa yote ikusanywe na kuuzwa kupitia vyama vya ushirika, na katika miaka iliyofuata ikaja minada. Butura yenyewe imekwisha kupigwa marufuku na viongozi wa Serikali zaidi ya mara moja.

Mageuzi hayo yote yalikuwa na maana yake. Lakini yakitazamwa kwa pamoja, yanaonekana kujibu swali la nani anunue kahawa. Ni machache yaliyojibu swali la lini mkulima aione fedha. Hata utaratibu wa stakabadhi za ghala, uliowekewa sheria yake mwaka 2005 na ambao humwezesha mkulima kukopa kwa dhamana ya mazao aliyoyahifadhi, huanza kufanya kazi pale tu mazao yanapokuwa ghalani. Februari ghala ni tupu.

Wapo wanaoitetea butura, na yafaa hoja yao isikilizwe. Husema kwamba mnunuzi hakumshika mkulima kwa nguvu. Kwamba naye hubeba hatari ya mvua ya mawe, ya ukame na ya bei kuanguka. Na kwamba bila yeye mgonjwa asingefika hospitali. Hoja hii ina sehemu ya ukweli, na sehemu hiyo ndiyo inayopaswa kuwashughulisha viongozi. Ni kweli kwamba mnunuzi wa butura hutoa huduma ambayo hakuna mwingine anayeitoa kwa haraka ile. Lakini huduma hiyo haimpi haki ya kuchukua mavuno mara tatu ya alichotoa. Anayeuza maji jangwani naye hamlazimishi mtu kunywa.

Na marufuku peke yake haimpi mkulima hata shilingi moja mwezi Februari. Humfanya auze usiku badala ya mchana, na anayeuza usiku hupewa bei ya chini zaidi, kwa kuwa mnunuzi huongeza juu yake gharama ya kujificha. Hii ndiyo sababu butura imepigwa marufuku mara kadhaa na bado ingalipo. Dawa iliyotolewa ni ya wizi. Ugonjwa ni wa kalenda.

BUTURA YA MSHAHARA

Mtumishi wa umma au mwalimu asomaye haya asidhani kwamba ni habari ya mkulima peke yake. Kinyume chake, yeye ndiye awezaye kuielewa kuliko mtu yeyote, kwa sababu miongoni mwa wenye mishahara imezuka butura ya aina yake. Ni ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa majina ya "mikopo umiza" na "kausha damu". Mtumishi humkabidhi mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri. Siku ya mshahara, mkopeshaji ndiye anayetangulia kufika kwenye mashine.

Hesabu yake ni ile ile. Aliyechukua shilingi 200,000 katikati ya mwezi na kutakiwa alipe 260,000 mwisho wa mwezi, ameuza mshahara ungali maua. Mwezi unaofuata unaanza na pengo la shilingi 60,000 juu ya yale mapengo ya kawaida, na kwa hiyo hukopa tena mapema zaidi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Hakuna anayemwita mtumishi huyo maskini. Ana kazi ya kudumu, ana mshahara unaojulikana na pensheni inayomngoja. Wala hakuna ambaye angemwandika katika taarifa kwamba ni mvivu. Kila mtu husema tu kwamba amekumbwa na ukata. Heshima hiyo ya neno, ambayo mwenye mshahara hujipa mwenyewe bila ya kufikiri, ndiyo ambayo mwenye kibanja hunyimwa.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwataka wakopeshaji wawe na leseni na wafuate masharti. Sheria hiyo ni ngao. Lakini ngao humsaidia anayeishika, na mtumishi aliyekwisha kutoa namba yake ya siri kwa hiari yake mwenyewe ameiweka ngao chini. Aidha, iwapo miongoni mwa wanaonunua kahawa kwa butura yumo mtu anayelipwa mshahara wa umma, basi huyo anafanya jambo la aibu maradufu. Anamtendea mkulima yale yale ambayo mkopeshaji humtendea yeye, na kodi ya mkulima huyo ndiyo sehemu ya fedha anazomlangulia.

WAJIBU WA WENYE KALAMU

Kama ukata ni suala la wakati, basi sehemu kubwa ya dawa yake iko mikononi mwa wale wanaopanga tarehe. Na wanaopanga tarehe katika Karagwe na Kyerwa ni watumishi na walimu.

Jambo la kwanza ni michango. Kamati ya shule, mwalimu mkuu na afisa mtendaji wanapokaa kupanga michango iliyokubaliwa na wananchi, hapana amri yoyote inayowalazimisha kuidai Januari au Machi. Mchango wa ujenzi au wa chakula cha wanafunzi waweza kukusanywa Julai na Agosti, kahawa inapolipwa, kwa ajili ya mwaka unaofuata. Serikali yenyewe huuanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai. Ofisi inayojua kupanga mwaka wake kuanzia mwezi huo haiwezi kudai kwamba hailewi hesabu ya mkulima ambaye mwaka wake wa fedha huanzia papo hapo.

Jambo la pili ni sare na vifaa. Orodha ya mahitaji ya mwanafunzi anayeingia darasa la kwanza yaweza kutolewa kwa wazazi mwezi Julai badala ya Desemba. Mzazi anayeijua orodha wakati ana fedha mkononi ataweza kununua kidogo kidogo. Mzazi anayeipokea siku chache kabla ya shule kufunguliwa hana njia ila kumtafuta mnunuzi wa maua. Na mtoto ambaye sare yake haijakamilika Januari asirudishwe nyumbani. Kila mtoto anayerudishwa kwa ajili ya sare humpeleka baba yake mlangoni kwa mlanguzi siku hiyo hiyo.

Jambo la tatu ni malipo. Mkulima anayepeleka kahawa yake chamani na kungojea fedha kwa wiki nyingi hujifunza somo moja tu, kwamba aliyeuza kwa butura alikuwa na akili kumzidi. Ucheleweshaji wa malipo ni kiwanda cha ukata. Maafisa ushirika wanaokagua vitabu vya vyama vya msingi hawana budi kuhesabu siku kama wanavyohesabu shilingi: kahawa ilipokelewa lini, mnada ulifanyika lini, na fedha zilifika kwa mkulima lini. Chama kinachoeleza kilo bila kueleza siku kimeeleza nusu ya habari.

Jambo la nne ni mkopo mdogo wa Februari. Chama cha akiba na mikopo chenye wakulima na watumishi kwa pamoja kina faida ya pekee, kwa sababu kalenda za wanachama wake hazifanani. Mwenye mshahara huingiza fedha kila mwezi. Mwenye kahawa huingiza nyingi kwa mara moja katikati ya mwaka. Akiba ya mmoja yaweza kuziba pengo la mwingine kwa riba iliyoandikwa na kukubaliwa na wote. Hapo walimu wa Kayanga na wakulima wa Isingiro wanaweza kufaana bila ya yeyote kumnyonya mwenzake. Akiba haiozi, lakini lazima iwepo mahali pa kuiweka.

Jambo la tano halihitaji fedha kabisa, nalo ni lugha ya taarifa. Afisa anayeandika kwamba wananchi wa kijiji fulani ni maskini aulizwe maswali mawili: hawana nini, na hawana lini? Akijibu kwamba hawana fedha kuanzia Januari hadi Aprili lakini wanazo Julai hadi Oktoba, basi ameeleza ukata, na taarifa yake itamsaidia mkubwa wake kupanga jambo. Akiishia kwenye neno umaskini, hajaeleza kitu. Darasani nako, hesabu ya riba ya butura ifundishwe kama inavyofundishwa hesabu ya mkopo wa benki. Mtoto wa Murongo aliyeikokotoa ubaoni ataikumbuka siku baba yake atakapomwita kushuhudia mapatano.

Hakuna hata moja kati ya haya litakaloumaliza umaskini pale ulipo kweli. Wako wananchi wasio na kibanja, wajane walionyang'anywa ardhi, wazee wasio na wa kuwavunia. Hao wana haki ya kuitwa kwa hali yao na kupewa msaada unaowafaa. Kuwaita maskini watu wengine wote ni kuwadhulumu hata hao, kwa kuwa msaada hugawanywa vipande vidogo kwa watu ambao walichokihitaji ni tarehe nyingine tu.

Mti wa kahawa huchukua karibu miaka mitatu kabla ya kuzaa mavuno ya kwanza, na mkulima wa Karagwe na Kyerwa amekwisha kuonyesha kwamba ana subira ya kuungoja. Asilaumiwe kwa kushindwa kungoja miezi mitano mtoto akiwa amerudishwa nyumbani. Mwezi Julai, kahawa inapoanikwa, ndio wakati wa ofisi na shule za wilaya hizo kukaa na kupanga upya tarehe za michango ya mwaka unaofuata. Kazi hiyo ni ya siku moja, na haitaigharimu Serikali hata senti.